Mguu kifundo: plasta ni bure, lakini nauli ya kila wiki inatoka wapi?

TabibuWilayani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba tujadili kwa kina jambo la afya ya watoto ambalo huzungumzwa zaidi tarehe 3 Juni, Siku ya Mguu Kifundo Duniani, kisha likawekwa kando hadi mwaka unaofuata. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na hoja yangu ni kwamba matibabu haya yanapotolewa bila malipo katika hospitali chache kubwa tu, yanakuwa ya bure kwa maandishi. Tatizo hili halitibiwi kwa safari moja. Mtoto anatakiwa kurudi kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili, kisha aendelee kufuatiliwa hadi afikishe miaka 4 au 5.

Kwa wasiolifahamu, mguu kifundo ni hali ya kuzaliwa nayo ambapo unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu, na vidole vinautazama mguu wa pili. Huwapata takribani mtoto 1 hadi 2 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na miguu yote miwili ikiwa hivyo. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Uganda ulipata watoto 1.2 kwa kila 1,000. Haisababishwi na laana, wala na mama kukiuka mwiko fulani akiwa mjamzito, na ninaliandika hili mapema kwa sababu bado wapo akina mama wanaorudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa ajili ya mguu ambao ungenyooka kabla mtoto hajaanza kukaa.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hata tukichukua kiwango cha chini kabisa cha mtoto 1 kwa kila 1,000, tunazungumzia watoto zaidi ya 2,000 wapya kila mwaka. Tukiwagawa kwa halmashauri 184 za Tanzania Bara, kila halmashauri inapata watoto 10 hadi 15, yaani kama mmoja kwa mwezi. Ni idadi ambayo wilaya inaweza kuimudu bila kujenga hata chumba kimoja kipya.

Njia inayotumika duniani kote sasa inaitwa Ponseti, kwa jina la Daktari Ignacio Ponseti aliyezaliwa katika kisiwa cha Menorca, Hispania, tarehe 3 Juni 1914. Alihudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akakimbilia Ufaransa kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani, alikofanya kazi hadi uzeeni. Huko aliona kwamba watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa mguu kifundo walikua na miguu iliyokakamaa yenye maumivu, akajiuliza kwa nini mguu wa mtoto mchanga, ambao bado ni laini, ulazimishwe kwa kisu. Akabuni namna ya kuunyoosha kidogo kidogo kwa mkono na kuushikilia kwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki. Madaktari wengi waliipuuza njia yake kwa miongo kadhaa, na ilianza kuenea kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya wazazi kupashana habari kwa njia ya intaneti.

Kinachonifanya nianzishe uzi huu ni kwamba njia hii haihitaji daktari bingwa katika kila hatua. Malawi ilionyesha hilo mapema. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya watoto waliotibiwa na matabibu wa mifupa wasio madaktari, na sehemu kubwa mno ya miguu hiyo ilinyooka. Uganda nayo ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa Wizara ya Afya iliikubali Ponseti kuwa njia ya kwanza ya matibabu, ikaingizwa katika mafunzo ya watumishi wa afya, na kliniki zikafunguliwa katika hospitali za mikoani badala ya kila mtoto kupelekwa Kampala. Daktari Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Kanada, ndiye aliyetuachia kipimo rahisi cha ukubwa wa tatizo, cha alama 0 hadi 6, ambacho mtumishi yeyote aliyefundishwa anaweza kukitumia kwa macho na vidole vyake, bila eksirei.

Sasa tujitazame. Sera yetu ya afya inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 malipo katika vituo vya umma. Zipo hospitali zenye sifa nzuri katika kazi hii, mojawapo ikiwa CCBRT ya Dar es Salaam, na yapo mashirika yanayogharamia plasta na viatu maalumu anavyovaa mtoto baada ya plasta ili mguu usirudi kupinda. Hata hivyo, mama anayeishi kijijini ndani ya Kilindi au Handeni akiambiwa arudi mjini kila wiki, anatakiwa apande pikipiki hadi barabarani, kisha basi, pengine alale kwa ndugu, na nyumbani aache watoto wengine na shamba. Anakuja mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu, mvua imekata barabara au hela imeisha. Plasta inakaa mguuni hadi inaoza, mtu anaikata kwa kisu cha jikoni, na mguu unarudi ulikotoka. Katika rejesta ya hospitali mtoto huyo anaandikwa kuwa ametoroka matibabu, neno ambalo kwangu si la haki hata kidogo.

Pendekezo langu ni kwamba kila hospitali ya wilaya iwe na kliniki ya mguu kifundo siku moja kwa wiki, yenye watumishi wawili waliofundishwa, na kwamba ukaguzi wa miguu uwe sehemu ya lazima pale mtoto anapozaliwa na pale anapoletwa kwa chanjo ya wiki ya 6. Ninaomba maoni, hasa ya waliowahi kuifanya kazi hii na ya wazazi.

MnyooshaViungo

Ndugu Tabibu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi ni mfiziotherapia na nimekuwa nikifunga plasta hizi kwa miaka mingi. Ninakubaliana nawe kuhusu umbali, lakini sikubaliani na kliniki katika kila wilaya, na sababu yangu iko ndani ya hesabu yako mwenyewe.

Watoto 10 hadi 15 kwa mwaka ni wachache kwa mkono wa mfungaji. Tukichukua plasta 5 au 6 kwa kila mtoto, mtumishi atafunga plasta kama 60 au 80 kwa mwaka mzima, na akihamishwa katikati, anayekuja anaanza upya. Kazi hii inaonekana nyepesi kwa anayetazama pembeni, lakini ina mpangilio usiovunjwa. Plasta ya kwanza hainyooshi mguu kwenda nje. Inainua upande wa kidole gumba ili upinde wa unyayo ulingane, na kwa mzazi mguu unaonekana kama umepinda zaidi. Kuanzia ya pili ndipo unyayo unapozungushwa nje taratibu, kidole gumba cha mfungaji kikiwa kimekaza juu ya kichwa cha talasi, mfupa ulio kwenye kifundo cha mguu, upande wa nje wa mguu, wala si juu ya kisigino. Asiyefundishwa vizuri hushika kisigino na kukivuta, akakizuia kisigeuke, halafu analalamika kwamba njia haifanyi kazi. Mwingine hukimbilia kusukuma unyayo juu kabla ya wakati, mguu ukavunjika katikati na kuwa na umbo la mashua. Mguu ulioharibiwa namna hiyo ni mgumu kuurekebisha kuliko ule ambao haujaguswa kabisa.

Plasta yenyewe ni lazima ianzie vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Plasta fupi ya chini ya goti huteleza. Vidole vinaachwa wazi ili mama aweze kuvikagua: akikibonyeza kidole kinakuwa cheupe, akiachia kinarudi rangi yake. Kikiwa cha baridi, cha bluu, kimevimba, au vidole vyote vimezama ndani ya plasta, arudi siku hiyo hiyo bila kusubiri wiki ifike. Mtoto anyonyeshwe wakati wa kufungwa, maana mtoto anayenyonya hulegeza mguu, na hilo linamsaidia mfungaji kuliko maneno yoyote.

Baada ya plasta kadhaa, watoto walio wengi, karibu 8 au 9 kati ya 10, huhitaji kano la nyuma ya kisigino likatwe kwa kijikato kidogo chini ya ganzi. Haichukui muda mrefu, wala hakuna haja ya mshono mkubwa, na kano hujiunga upya ndani ya plasta ya mwisho inayokaa wiki 3. Hatua hiyo nayo inahitaji mtu aliyeizoea.

Kwa hiyo ningeshauri kliniki moja ya plasta kwa wilaya mbili au tatu, ikae mahali ambapo barabara zinakutana, hata kama si makao makuu ya mkoa. Afadhali mfungaji mmoja anayefunga kila wiki kuliko watatu wanaofunga mara moja kwa mwezi.

MamaWaMapacha

Kaka Tabibu na kaka Mnyoosha Viungo, nimewasoma kwa makini. Naomba mnisikilize kama mzazi, kwa sababu nyote wawili mmeandika sana kuhusu plasta na mmegusa viatu kwa juu juu, ilhali kwetu sisi akina mama kazi ilianza pale plasta zilipoisha.

Mmoja wa wanangu alizaliwa na miguu yote miwili imepinda. Plasta zilikwenda vizuri, miguu ikanyooka, na ndugu wote wakafurahi. Baada ya hapo akapewa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, avae saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi afike miaka 4 au 5. Hospitali tuliyotibiwa, ambayo sitaitaja, ilinionyesha namna ya kuvivalisha mara moja tu, katika foleni, mtoto akilia, na mimi nikiwa na mwingine mgongoni. Nilipofika nyumbani sikukumbuka kamba ipi inakazwa kwanza. Usiku wa kwanza mtoto alilia hadi alfajiri, na mama mkwe, kwa huruma yake, akavilegeza. Ngozi ya kisigino ikachubuka, na kila mtu akasema viatu vinabana.

Baadaye sana ndipo muuguzi mmoja aliponieleza kwamba mchubuko wa kisigino mara nyingi unatokana na kiatu kilicholegea, mguu unapopanda na kushuka ndani yake, na kwamba dawa yake ni kukaza mkanda wa katikati vizuri kabla ya kufunga kamba. Alinionyesha pia kuvalisha soksi nyepesi za pamba zisizo na mikunjo, kuchungulia kwenye tundu la nyuma ya kiatu kama kisigino kimekaa chini, na kuvalisha kwanza mguu uliokuwa na shida zaidi. Akanifundisha kuchezesha magoti yote mawili kwa pamoja, nikishika kile chuma na kukisukuma mbele na nyuma, hadi mtoto azoee kwamba miguu yake sasa inatembea pamoja. Baada ya siku chache kilio kilikwisha. Kama ningeelezwa hayo mwanzoni, kwa utulivu, tusingeteseka.

Jambo la pili ni kwamba mtoto anakua. Viatu alivyopewa akiwa mchanga havimtoshi akifika mwaka, na kila vinapobana inabidi asafiri tena kutafuta vingine. Nilipofika mara moja nikaambiwa saizi yake haipo, nirudi mwezi ujao. Mwezi mzima bila viatu ni hatari kubwa, kwa sababu mguu umeshanyooka machoni na baba yake hakuona tena haja ya kutoa nauli. Watoto niliowaona wakirudishwa kwenye plasta karibu wote ni wale walioacha viatu, na akina mama wao hawakuwa wazembe.

Kwa hiyo ninaomba, mnapopanga kliniki hizo za karibu, msiweke karibu plasta peke yake na kuacha viatu mbali.

Mlipakodi

Ninaheshimu uchungu wa wachangiaji waliotangulia, na sina nia ya kupunguza uzito wa maneno yao. Nauliza tu kuhusu uendelevu. Tumeona miradi mingi ya wafadhili ikianza kwa semina na fulana, na ikiisha siku ufadhili unapokata. Zahanati nyingi bado hazina dawa za kutosha, wakunga ni wachache, na halmashauri zinagombania kila shilingi. Je, ni busara kuanzisha kliniki ya tatizo linalompata mtoto mmoja katika 1,000, na nani atanunua viatu shirika likiondoka?

MpwaniWaKilifi

Hamjambo ndugu zetu. Nachangia kutoka Pwani ya Kenya, ambako nafanya kazi na wahudumu wa afya ya jamii. Kwetu afya iligatuliwa kwa kaunti 47 tangu mwaka 2013, na jambo hilo limetusaidia na kutuumiza. Limetusaidia kwa sababu kaunti inaweza kuamua yenyewe kuwa na kliniki ya mguu kifundo karibu na watu, bila kumlazimisha mzazi wa huku kwetu Ganze au Magarini kwenda Kijabe, mbali huko bara, ilipo hospitali ya watoto ya CURE tangu mwaka 1998. Limetuumiza kwa sababu kaunti isiyoamua, haiulizwi na mtu.

Ninachoweza kuwaongezea ni hatua ya kabla ya kliniki. Wakunga wengi waliosoma zamani hawakufundishwa kutofautisha mguu kifundo na mguu uliojikunja tu tumboni. Mguu uliojikunja tumboni unanyooka wote ukiusukuma polepole kwa kidole, nao hupona wenyewe. Mguu kifundo haunyooki, nyuma ya kisigino kuna mkunjo mzito, na ukibonyeza kisigino unahisi kama ni kitupu. Kumfundisha mkunga jambo hilo si kazi ya wiki. Ni kazi ya asubuhi moja, na picha moja ya kubandikwa ukutani katika chumba cha kujifungulia.

Mwaka 2023 serikali yetu iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanaozunguka nyumba hadi nyumba. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au aliyefichwa ndani kwa aibu, anapatikana na hao tu. Tumewakuta watoto wanaotembea kwa upande wa juu wa unyayo, ngozi imekuwa sugu kama ya kisigino, na jirani anasema alidhani hakuna tiba. Hata hao waliochelewa, wenye miaka 3, 5 au zaidi, Ponseti bado huwasaidia wengi wao, ila plasta zinakuwa nyingi zaidi. Asifukuzwe mtoto yeyote kwa kuambiwa kwamba wakati wake umepita.

TabibuWilayani (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote. Nitajibu nikianza na ndugu Mlipakodi, kwa kuwa swali lake ndilo nitakaloulizwa kwenye kikao cha halmashauri.

Mashirika yanayofanya kazi hii hukadiria kwamba matibabu yote ya mtoto mmoja, kuanzia plasta ya kwanza hadi kiatu cha mwisho, hugharimu takribani dola 500 za Marekani, zikiwemo gharama za mafunzo na usimamizi. Mahitaji ya kliniki yenyewe ni benchi, beseni la maji, pamba, bandeji za plasta, kisu cha kukatia plasta iliyolowekwa, na mtu mwenye ujuzi. Kwa mtoto asiyetibiwa, upasuaji wa ukubwani hugharimu zaidi na matokeo yake ni duni, mbali na shule anayoikosa kwa kuwa iko mbali na hawezi kutembea kwa kasi ya wenzake. Mbali na fedha, mtoto mwenye mguu kifundo ana haki ile ile ya msamaha wa miaka 5 aliyonayo mwenye malaria.

Kuhusu wafadhili, hofu yako ni ya kweli nami ninayo. Ndiyo maana nataka bandeji za plasta na viatu viingizwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kwa kifungu chake, hata kama kwa kuanzia kifungu hicho ni kidogo, ili siku ufadhili ukipungua kuwe na kitu cha kuongeza badala ya kuanza kuomba. Viatu navyo si lazima vitoke ng'ambo. Mtaalamu wa Kiholanzi, Michiel Steenbeek, alibuni kiatu cha namna hii akiwa Uganda, katika karakana ya Katalemwa, kwa ngozi na chuma vinavyopatikana sokoni, ili fundi wa hapa hapa aweze kukitengeneza. Sisi tuna chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wametapakaa Afrika nzima. Shirika la MiracleFeet limetengeneza kiatu cha plastiki cha bei nafuu, na kinasaidia sana, lakini nchi yenye chuo kama hicho haina sababu ya kumwambia mama kwamba saizi ya mtoto wake imekwama bandarini.

Ndugu Mnyoosha Viungo, umenishawishi. Mikono inayofunga ikutane na watoto wa kutosha. Ila dada Mama wa Mapacha ametuonyesha kwamba plasta ni wiki 6 au 8, na viatu ni miaka 4. Kama tukilazimika kuchagua kitu cha kusogeza hadi kituo cha afya cha kata, basi ni viatu. Ninapendekeza sasa hivi: plasta na kukata kano viwe katika hospitali moja kwa wilaya mbili au tatu, kama ulivyosema, halafu ukaguzi wa viatu na kubadilisha saizi vifanyike katika kituo cha afya kilicho karibu na mzazi, siku ile ile ya kliniki ya watoto. Mtoto atakuja kwa chanjo wiki ya 10 na ya 14, atakuja miezi 9 na 18, na katikati ya hapo atakuja kupimwa uzito. Muuguzi aliyefundishwa anaangalia kama unyayo bado unapanda juu vizuri, kama kisigino kinakaa chini ndani ya kiatu, na kama vidole vimefika ukingoni. Akiona mguu umeanza kukaza anapiga simu kwa mfungaji. Kadi ya kliniki iwe na sehemu ya kuandika saizi ya kiatu, na masanduku ya viatu yapangwe kwa saizi hizo kabla mzazi hajafika.

Nauli ya wiki zile za plasta nayo isimamiwe wazi. Kuna vikundi vya kijamii na mifuko ya makanisa na misikiti inayoweza kubeba safari 6 za mtoto mmoja, ikiombwa mapema na kwa jina la kijiji husika. Katika kata yetu nimeona wanaume wa kikundi cha bodaboda wakikubali kumbeba mama na mtoto hadi kituo cha basi kila Jumatano bila malipo, baada ya mwenyekiti wa kijiji kuwaeleza kwamba ni majuma 6 tu.

MnyooshaViungo

Mgawanyo huo naukubali, kwa sharti moja: muuguzi wa kituo cha afya asijaribu kufunga plasta pale anapoona mguu umerudi. Apige simu na mtoto aje siku hiyo ya kliniki. Na sisi tunaofunga tuwe na wajibu wa kwenda kwenye vituo hivyo mara moja kila robo mwaka, tuwaone watoto wote wa viatu wa eneo hilo kwa pamoja. Hiyo itawasaidia wazazi kukutana, jambo ambalo lina nguvu kuliko nasaha zetu. Mama aliyekata tamaa akimwona mtoto wa miaka 4 anayekimbia, ambaye alianza na mguu kama wa mwanawe, hahitaji hotuba.

Kungwi

Samahani kwa kuingia katikati ya mjadala. Mdogo wangu amejifungua wiki iliyopita na mguu mmoja wa mtoto umegeukia ndani. Bibi yetu anataka aukande kwa mafuta ya nazi hadi arobaini ipite ndipo apelekwe hospitali. Je, kuna madhara ya kusubiri?

MnyooshaViungo

Dada Kungwi, hongereni kwa mtoto. Kumpaka mafuta hakumdhuru, lakini kukanda hakunyooshi mguu kifundo, na wiki hizi za mwanzo ndizo mguu ulipo laini kuliko wakati wowote. Asisubiri arobaini. Akiwa ananyonya vizuri na hana tatizo lingine, anaweza kuanza plasta ndani ya wiki chache hizi. Nendeni na kadi yake ya kliniki, mwombeni mtumishi aukague pia mgongo wake na nyonga, kwa sababu watoto wachache wenye mguu kifundo huwa na mgongo wazi au shida nyingine inayobadili mpango wa matibabu. Bibi naye aje siku ya kwanza, aone mguu unavyoshikwa. Bibi akielewa, viatu havitalegezwa usiku.

TabibuWilayani (mwanzisha uzi)

Dada Kungwi, niandikie kwa ujumbe wa faragha wilaya mliyopo tu, nami nitakuelekeza kliniki iliyo karibu.

Kwa wengine wote: maandalizi ya mipango ya halmashauri huanza miezi mingi kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza, na ninakusudia kupeleka pendekezo hili kwa Mganga Mkuu wa Wilaya likiwa na taarifa za kutosha za maeneo ya jirani. Mwenye kufahamu kliniki inayofanya kazi aandike hapa jina la wilaya, siku ya kliniki, kama kano linakatwa hapo hapo au mtoto anapewa rufaa, na kama viatu vya saizi zote vipo. Tafadhali msiweke majina ya watoto, picha za nyuso zao wala namba za simu za wazazi.